Wafula na Skrini Yake Nyeusi

Watu wangu, leo ofisini Kitengela Wafula amejichimbia kaburi na kibodi yake mwenyewe.

Mnamjua. Yule fundi wa programu anayetucheka sisi wa kutumia mausi.

Mama mwenye kliniki huko Noonkopir amekuja kulalamika kuwa programu tuliyomtengenezea bado ina makosa. Bosi akamwambia Wafula amwonyeshe yaliyobaki.

Jamaa akafungua skrini nyeusi, akaandika amri ya kuchuja makosa yote ambayo hayajafungwa, yaani hayajawekwa alama kuwa yameisha. Akabonyeza Enter kwa madaha.

Tupu.

"Umeona, mama? Safi kabisa."

"Na mbona risiti zangu bado zinatoka mara mbili?"

Bosi akakohoa. "Wafula, hebu chuja yale yamefungwa."

Wueh! Skrini ikajaa. Makosa yote ya mama, yamefungwa na Wafula Ijumaa iliyopita asubuhi, na hakuna hata moja ametengeneza.

Sheria ya ofisi yetu ni hii: Ijumaa bosi ananunua mbuzi, na ambaye kazi yake haijaisha hali nyama.

Mama akauliza polepole, "Kwa hivyo risiti zangu zilipokuwa zikiharibika, huyu alikuwa anakula nyama?"

Leo ni Ijumaa. Mbuzi imeiva. Mama amepewa sahani ya Wafula, anatafuna mbavu akiwa amesimama nyuma yake, akimwangalia akitengeneza.

Mnasemaje, nimpelekee Wafula mfupa?