Sahani ya Bluu ya Dinah

Kama kuna mtu alipenda watu hapo Bukura, ni Dinah. Huyo mama alikuwa anasalimianga hadi kuku! Na harusi ikifika, yeye ndiye alikuwa anasonganga obusuma, yaani ugali, ya watu wote, sufuria kubwa ya kutosha kuogesha mtoto, mwiko mrefu kama jembe, na bado anapiga stori.

Halafu mwaka wa tisini na tano akashikwa na TB. Akahamia kanyumba ka nyuma na sahani yake ya bluu, yenye hakuna mwingine aligusa. Akameza dawa zote akamaliza, daktari akamwambia, "Mama, umepona kabisa. Huwezi ambukiza mtu. Rudi kwa watu."

Wapi! Miezi ikapita, yeye bado anachungulia watu kwa ua. Aliogopa kitu moja tu: akae kula na wenzake, halafu waanze kusogea mbali, mmoja mmoja.

Sasa Were, jirani yake, akaozesha msichana wake. Dinah akaenda, sahani ameificha ndani ya leso. Akasimama kwa ndizi karibu na jikoni, akajiambia, "Nasalimia tu, narudi."

Huko jikoni, rafiki yake Musimbi alikuwa anapigana na obusuma. Mabonge kila mahali.

"Bayaye! Hii ni chakula ama mawe ya kujenga choo?" mwenzake Jescah akamchokoza.

"Kuja usonge wewe, mdomo mrefu!"

Dinah akajaribu kunyamaza. Ikamshinda. "Musimbi! Punguza moto! Vunjia hayo mabonge kando ya sufuria!"

Wote wakageuka. Dinah akatamani kuingia ndani ya shina la ndizi.

"Ati punguza moto?" Musimbi akashika kiuno. "Umetuacha mwaka mzima tunakula unga mbichi kwa kila harusi, sasa unasimama huko unatoa amri kama chifu? Shika mwiko!"

Akashika. Mikono ilikuwa imesahau kidogo, lakini mdomo haukuwa umesahau chochote. Kabla obusuma iive, alikuwa ashajua nani amezaa, nani ameachana na nani, na ng'ombe ya nani imekula mahindi ya mchungaji.

Chakula ikapakuliwa kwa sinia moja kubwa, ingokho, kuku wa mchuzi, kando. Wamama wakanawa, wakazunguka. Dinah akatoa sahani yake polepole. "Mimi niwekeeni hapa, nikule huko kando."

Musimbi akaichukua. Akaiangalia. Akafunika nayo sufuria ya mchuzi. "Asante sana. Nzi zilikuwa zimetusumbua."

"Musimbi! Na mimi nikulie wapi?"

"Kwani sinia haikutoshi? Jescah, songa, umekalia nafasi ya mtu."

Jescah akasogea. Dinah akaona vile anasogea, akaona pia ile nafasi imebaki katikati ya Jescah na Musimbi, akajitupa hapo. Akamega. Vidole vyake vikagongana na vya Jescah kwa mchuzi.

"Wewe! Hiyo paja nilikuwa nimeiona kwanza!" Jescah akapiga kelele.

"Uliiona, hukuishika," Dinah akasema, mdomo umejaa.

Alirudi nyumbani jioni sauti imekauka kwa kuongea. Sahani aliisahau huko huko, juu ya sufuria.