Nguo ya Kwendea Mkutanoni

Siku kijiji chetu huku Kisanga kilipokutana kuchagua kaya maskini za kusaidiwa na serikali, mama alioga, akavaa gauni lake la Idi. Kwake, mtu haendi mbele za watu amechakaa. Mwenye duka akasimama, akasema kodi yake haiwezi kumlisha mtu anayevaa hivyo. Mikono ikanyooshwa, jina la mama likakatwa. Mimi, mwanawe, niliona aibu kuutetea umaskini wetu hadharani.

Sasa uchaguzi wa viongozi umekaribia. Vijiweni wanabishana nani alipe kodi na nani asaidiwe, na kila mgombea anaahidi orodha mpya ya kaya za kusaidiwa. Juzi mama alinituma nimtafutie nguo iliyochanika ya kwendea mkutano wa orodha hiyo. Nilifungua sanduku, nikaziacha zilizochanika, nikatoa lile lile gauni la Idi.