Bima ya Mama Mdogo

Miaka ya themanini, nikiwa na blauzi moja tu ya heshima, niliajiriwa kugonga milango ya Hyattsville, huko Marekani, na kuwauliza watu kama wana bima ya afya. Jimbo lilitaka kurekebisha mambo yake, na serikali haiwezi kumsaidia mgonjwa kabla haijamchosha kwa maswali. Mtaa ambao ungeonekana una wengi wasio na bima ungefunguliwa kliniki ya bei nafuu. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kiswahili changu. Nikapewa kalamu, fomu na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, nikajiona mtu mkubwa.

Sheria ya kazi ilikuwa moja: andika unachoambiwa, si unachokijua.

Mama mdogo, aliyenilea na ambaye nilikuwa nikilala sebuleni kwake, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mashuka ya hoteli aliyofanyia kazi kule Alexandria, hukohuko Marekani, aliyakunja kwa kupapasa, na chai aliimimina nusu kikombeni, nusu mezani. Bima hakuwa nayo. Upasuaji aliutaja kama tunavyoitaja Hija, akijaliwa.

Kura ya ofisini ya kuchagua nyumba za kuulizwa ikaangukia mlango wake. Nikamwambia msimamizi kwamba pale ndipo ninapoishi. Akajibu kwamba hakuna mwingine anayejua lugha, na kwamba ananiamini. Nilifurahi kuaminiwa, mjinga mimi.

Nikabisha hodi huku ufunguo wa mlango uleule uko mfukoni mwangu. Ndani nikamkuta mama mdogo na mgeni, jirani yetu wa Mombasa, mwanamke ambaye ukimpa habari asubuhi, adhuhuri imeshafika Sterling, mji wa mbali. Nikauliza, kwa sauti ya kiserikali, kama nyumba hii ina bima ya afya.

"Tunayo, alhamdulillahi," akasema mama mdogo. "Kwani sisi tumekosa nini?"

"Hata kwetu tunayo," akadakia jirani, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Kwetu pwani mtu haaniki upungufu wa nyumba yake mbele ya watu, hata kama upungufu wenyewe ni macho. Nililijua hilo tangu utotoni. Ningeweza kurudi jirani akishaondoka. Lakini kitambulisho kilikuwa kinang'aa shingoni, nikaandika "Ndiyo". Milango mingine ya wenzetu ilijibu vilevile, na majibu yote nikayaandika. Sijapata kuona watu wenye bima namna ile.

Ripoti ikatoka na jalada zuri la buluu. Mtaa wetu ulisifiwa. Kliniki ikapelekwa kwingine, kwa watu wasioona haya kusema ukweli.

Nilimsomea mama mdogo ukurasa ule. Aibu ilinishika.

"Na wewe uliandika nilivyosema?" akauliza.

"Niliandika."

"Umefanya vizuri, mwanangu. Jirani alikuwepo."

Akanyoosha mkono kutafuta chai yake, akapapasa upande usio wenyewe. Nikakichukua kikombe, nikamwekea mkononi.