Nyumba ya Yaya na Neno Mailo

Mimi ni mutu wa mudomo. Miaka mingi nauza chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu la Mweru, kwenye soko ya Kashikishi, na sijaona mutu wa kunishinda kwa maneno. Nilivuka kutoka Kongo wakati wa vita, na watoto wawili na sufuria moja. Watoto wakakua, wakaenda zao. Bwana akafa. Nikabaki na chumba cha kupanga na redio yenye kukohoa kuliko mimi.

Wazo la parseli ya wazee, yaani kiwanja chao, lilitoka kwangu, wala sioni haya kulisema. Kulikuwa na mwalimu mumoja, Muzambia, mustaafu, muke wake alikufa zamani. Alikuja kununua chisense nikaona nguo zinamulegea. Akasema alikuwa na malaria siku tatu, peke yake, mpaka ndoo ya maji ikakauka, na hakuna jirani aliyejua. Nikakasirika kabisa, kama vile amefanya makusudi.

«Mwalimu,» nikamuambia, «parseli yako ni kubwa, unalima nyasi tu. Tujenge nyumba ndogo ndogo nne, zitazamane. Kila mutu na mulango wake na kufuli yake. Jiko moja, kisima kimoja. Wazee wenye nguvu bado, si wa kulishwa na kijiko.»

«Bamayo,» akasema, maana hivyo ndivyo Wabemba wanaita mama wa heshima, «watasema tumekuwa wachawi tunaojikusanya.»

«Waseme. Sisi tutakuwa tunakula.»

Na kweli walisema. Mutoto wangu wa kwanza alipiga simu kutoka Ndola, analia: mama, watu wataona tumekutupa. Nikamujibu kwamba mutu anayejipikia na kujifungia mulango wake hajatupwa, na kama haya zinamuuma basi alete bati. Bati akaleta, masikini. Tukajenga: nyumba ya mwalimu, yangu, ya fundi wa kushona na muke wake. Tukaweka sheria moja tu. Ukiamuka asubuhi, toa kiti chako kidogo, weka mbele ya mulango. Kiti kikiwa inje, uko muzima. Jua likipanda na kiti hakionekani, tunagonga.

Nyumba ya nne ilikuwa ya yaya.

Hakuwa dada wa tumbo moja na mimi. Tulikulia njia moja kule Pweto, upande wa Kongo, yeye alinitangulia miaka miwili, basi mimi nilimuita yaya, dada mukubwa, na yeye akaniita mudogo. Wakati wa kukimbia tulivuka ziwa katika bwato moja. Yeye akaishia kwenye kisiwa cha Kilwa, hapo hapo ndani ya ziwa letu, kwa kijana wake muvuvi na muke wa huyo kijana, binti wa kisiwa, mwenye kusema Kibemba tu. Si kwamba walimutesa. Walimupenda. Lakini aliniambia siku moja kwa simu:

«Mudogo, mi siogopi kufa. Naogopa kufa mbele ya watu wenye hawasikii luga yangu. Nitasema kitu cha mwisho, kitaanguka chini tu.»

«Yaya, nyamaza. Siku hiyo nitakuwa kando yako, nimekushika mukono. Nakuapia.»

Mwaka muzima kijana wake alikataa. Mwisho akakubali: mvua ikiisha, ziwa likitulia, atamuleta. Eh, furaha yangu! Nilipaka mwenyewe chokaa ukuta wa nyumba yake, mpaka nywele zikawa nyeupe kuliko zilivyo. Mwalimu alichonga kiti chake, kifupi kidogo, kwa sababu yaya alikuwa mufupi. Tukakiweka ndani, nyuma ya mulango, kingoje mwenyewe akitoe.

Sasa lazima niseme habari ya Kibemba changu, hata kama inanichoma. Ni Kibemba cha soko. Zamani, nikiwa mugeni, nilitaka kumuambia muvuvi «ndefwaya isabi», nataka samaki. Nikasema «ndefwa isabi». Maana yake ninakufa, samaki. Yule muvuvi akaniwekea mukono kwenye paji. Mwalimu aliisikia hadithi hiyo sijui wapi, na tangu siku hiyo hakuna jioni alikosa kuileta jikoni. «Bamayo, leo hamufi? Samaki wako hapa.» Wote wanacheka, mimi pia nacheka, lakini moyoni nilikuwa nimechoka. Nilijisemea: huyu muzee, siku moja nitamuonyesha.

Siku ya tatu ya juma, saa ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, simu ikalia. Namba siijui. Alikuwa ni muke wa kijana wa yaya, na Kibemba chake kilikuwa kinakimbia, na laini ilikuwa inakatika-katika. Mwalimu alikuwa ameketi pale pale kando, anachambua maharagwe.

«Bamayo, nipe nimusikie,» akasema, akanyosha mukono.

Nikamupa mugongo. Mimi? Nimuachie simu ya yaya wangu, kusudi kesho anitie tena katika hadithi? Nikabana sikio. Nikakamata «bamayo». Nikakamata «bwato». Nikakamata «twaishile mailo». Mailo! Neno hilo nalijua vizuri. Ni kesho. Kila siku sokoni wenye kukopa wananiambia mailo, mailo.

«Ee mukwai!» nikapiga kelele, ndiyo, kwa heshima zote. «Mailo! Mailo!»

Laini ikakufa. Nikageuka kwa mwalimu na kifua mbele. «Yaya anafika kesho na bwato. Unaona sijafa?» Alicheka, akanipongeza.

Kesho yake tangu asubuhi nilikuwa bandarini, na kitenge kipya. Nilikuwa nimeacha bukari, ugali wetu, na sombe tayari jikoni. Kila bwato la Kilwa lilipogusa mchanga niliingia majini mpaka magoti. Mabwato saba. Nilipiga ile namba, haipatikani. Nikatukana ziwa, nikatukana injini, nikamutukana na kijana wa yaya.

Alasiri mwalimu akanifuata.

«Bamayo, sema tena maneno yake. Neno kwa neno.»

«Twaishile mailo.»

Aliketi kwenye ukingo wa bwato. Halafu akaniambia polepole, vile alivyokuwa anafundisha watoto, kwamba kwa Kibemba mailo ni kesho na mailo ni jana. Neno ni lile lile. Kitendo ndicho kinachosema ni siku gani. Tukesa mailo, tutakuja kesho. Twaishile mailo, tumekuja jana.

«Walifika juzi,» akasema. «Na kama walifika na hawakuja kwetu, bamayo, walikwenda wapi na mama muzee?»

Hospitali, kutoka kwenye mulango wangu, ni mwendo wa kuchemsha chai. Nilikimbia, na miguu hii.

Tulimukuta muke wa kijana ameketi inje kwenye mukeka, na vitu vya yaya vimefungwa ndani ya kitenge. Yaya alikuwa amekufa saa sita ya mchana, wakati mimi ninangojea bwato la tano. Kifua kilimushika kule kisiwani, na kijana wake alikuwa mbali ziwani na nyavu. Yule binti hakujua nyumba yetu, hakuwahi kutoka kisiwani, na hakutaka kumuacha mugonjwa hata kidogo. Ndiyo sababu alinipigia. Naye alisikia nimejibu mailo. Akarudi kitandani akamuambia mama: mudogo wako anasema anakuja kesho.

Mwalimu alikuwa ananitafsiria, macho chini. Halafu yule binti akanishika mukono. Alisema mama usiku na asubuhi aliacha Kibemba kabisa, akarudia maneno ya kwao, yale yale, na hapakuwa na mutu wa kuyasikia. Basi yeye aliyashika kwa kichwa, ili aniletee mimi. Akayasema, bila kujua anasema nini, sauti moja na yaya:

«Nyumba yake iko karibu. Sasa ju ya nini kesho?»

«Anauliza maana yake,» mwalimu akasema.

Mimi, mutu wa mudomo. Nilivuta kile kitenge cha vitu vya yaya, nikakaza fundo.

«Mwambie ni sala,» nikasema.

Mwalimu Kiswahili anakisikia vizuri. Aliniangalia, kisha akamuambia hivyo.