Fundi Aliyejaribu Dirisha kwa Nje

Habari nilizipata dukani, nilipokwenda kununua balbu. Haji anayeuza vifaa vya ujenzi hapa Mbarara, ambaye wasomaji wa safu hii wamekwisha kumjua kwa ubishi wake, alikuwa akifunga misumari kwenye kipande cha gazeti, pengine lenye safu yangu, maana huko ndiko maandishi yangu mengi huishia. Bila kuinua kichwa akasema, "Mwalimu, ule mzee yako ya madirisha amekufa. Walizika yeye Jumanne, huko huko Nakivale." Kisha akaniuliza nataka balbu ya aina gani. Nikamjibu, nikalipa, nikatoka, na nilikuwa nimefika nusu ya njia ya nyumbani nilipokumbuka kwamba balbu nimeiacha juu ya meza yake. Sikurudi. Nimefika umri wa kuchoka hata na habari za misiba. Miaka hii zinakuja mfululizo, na mtu huzipokea kama anavyopokea mvua akiwa amekwisha kulowa.

Marehemu hakuwa rafiki yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu tumezoea, mtu akishafukiwa, kujipa urafiki ambao hakuwahi kutupa. Alikuwa fundi. Alitoka mashariki ya Kongo, akavuka mipaka pamoja na mkewe, akaandikishwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kwa miaka kadhaa alikuwa akija hapa mjini kufanya kazi moja tu: kuchagua na kufunga vishikio vya madirisha ya chuma. Hakupiga rangi, hakuweka vioo. Ukimwomba akutazamie mlango alikuelekeza kwa mtu mwingine, kwa upole wa daktari wa macho aliyeulizwa habari za jino.

Msomaji kijana atashangaa mtu aliwezaje kuishi kwa vishikio vya madirisha. Lakini sisi tuliorudi mjini baada ya vita tunakumbuka. Waporaji wa kwanza walichukua redio na magodoro. Waliofuata wakachukua milango. Waliochelewa hawakukuta kitu ila vishikio, wakavifungua kimoja kimoja kwa subira ambayo laiti wangeitumia shuleni. Nyumba zilizobaki zimesimama zilikuwa na madirisha yaliyofungwa kwa waya, kwa kamba za katani, hata kwa soksi. Yangu niliyafunga kwa tai sita nilizorudi nazo kutoka chuo kikuu, na sidhani kama elimu yangu imewahi kufanya kazi ya maana kuliko hiyo.

Nilipochoka na tai nilikwenda kwa Haji nikanunua vishikio kumi na viwili, kwa kuwa nyumba yangu ina madirisha sita na kila dirisha lina mabawa mawili. Nilivichagua mwenyewe. Vilikuwa vya shaba, vinang'aa, na vyote vimefanana, nami niliona kufanana ni uzuri. Ndipo nikamwita fundi. Alikuja na kikapu cha ukindu chenye bisibisi mbili na kopo la mafuta, akavipanga vishikio vyangu sakafuni, akavitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa heshima nani alivichagua. Nikasema ni mimi.

"Mwalimu," akasema, "hizi yote ni ya kuliya. Dirisha iko na bawa mbili, moja inafunguka huku, ingine kule. Ukiweka hii ku bawa ya kushoto, ulimi yake itaangalia kioo. Haitashika kitu."

Ulimi aliousema ni ile pua ndogo ya chuma inayotoka kwenye kishikio na kubana fremu dirisha linapofungwa. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini, nimefungua na kufunga madirisha kila siku ya Mungu, na sikuwahi kujua kwamba vishikio vina kulia na kushoto. Fundi hakucheka. Alitoa mfukoni kipande cha boksi la sabuni, akakibandika kwenye bawa la dirisha mahali palipong'olewa kishikio cha zamani, akatoboa kwa msumari matundu mawili pale zilipokuwa skrubu, na kwa bawa la kushoto akachana kona moja ya kipande ili ajue. Hiyo ndiyo ilikuwa tepu yake, rula yake na daftari lake. Tukarudi kwa Haji.

Haji alikataa kubadilisha. Alisema Mwalimu alichagua na macho yake mbili, mchana, na hakuna mtu alimsukuma. Mimi nikaanza hotuba juu ya haki ya mnunuzi. Fundi aliniacha niseme, akazunguka nyuma ya meza, akatazama dirisha dogo la ofisi ya Haji. Lilikuwa limefungwa kwa waya. Juu ya bawa la kushoto kulikuwa na kishikio kizuri cha shaba, kipya, cha kulia, ulimi wake umetazama kioo.

"Haji," akasema fundi taratibu, "hii alichagua nani?"

Haji akaanza kuufungua ule waya mwenyewe, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake. Kabla ya adhuhuri dirisha lake lilikuwa limepata kishikio chake sawasawa, na mimi nilikuwa nimepata sita vya kushoto.

Nilidhani kazi iliyobaki ni ya bisibisi. Lakini fundi alikuwa na desturi yake. Kwa kila dirisha aliuliza ni nani mwenye kulifunga, na huyo aitwe. La sebuleni ni mke wangu, la jikoni ni yeyote aliye karibu na moshi. La chumba cha nyuma ni mama yangu mzazi, ambaye tangu vita alikuwa hakubali mtu mwingine amfungie dirisha, ingawa vidole vyake vilikwisha kukauka kwa baridi yabisi. Alikuwa akisimama na ile tai yangu, akihangaika nayo hadi machozi yanamtoka, na ukimsogelea anakufukuza. Fundi alimwomba aje afunge. Hawakuwa na lugha moja, mama akisema Kinyankole chake na yeye Kiswahili chake cha Kongo, lakini alimtazama vidole, akakirudisha kishikio cha shaba kwenye karatasi yake. Kesho yake alileta kingine cha chuma cheusi, kirefu, kibaya kama ndoana ya buchani. Mama alikisukuma kwa kiganja tu, bila vidole. Dirisha likafunga. Akalifungua, akalifunga tena, mara nne au tano.

Kisha fundi akatoka nje. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kazi yake kila mahali. Mwenye nyumba alibaki ndani akafunga, naye akasimama upande wa pili wa kioo, akaingiza kucha kwenye ukingo wa bawa na kulivuta kwa nguvu zake zote kama mwizi. Likikataa, alisema neno moja, "Imeshika," akaokota kikapu chake. Niliwahi kusikia mke wa askari mmoja kule kambini Makenke akilalamika juu yake. Yeye alitaka kishikio cha kung'aa kama cha mke wa mkubwa wa mumewe, na fundi akamwekea cha kawaida chenye mikwaruzo. "Mimi nilikasirika sana, ssebo," aliniambia, kwa ile "bwana" ya huku kwetu. "Lakini yeye alisema ya kung'aa inateleza, na mimi nafunga na mkono moja, ingine iko na mtoto. Sasa mtoto anatembea, na mimi bado nashukuru yeye."

Baadaye likaja tangazo. Wasomaji wanakumbuka yalivyokuwa matangazo ya miaka ile. Hayakuwa na mwandishi, yalikuwa na tarehe ya mwisho tu. Wenye kadi za makazi walitakiwa warudi makazini, na asiyerudi awe na barua kutoka kwa mtu anayemfanyisha kazi mjini, yenye saini. Fundi alikwenda kwanza kwa Haji. Haji, ambaye siku hiyo alikuwa mnyenyekevu kwa mara ya pili maishani mwake, alisema barua ya namna hiyo aandike Mwalimu, kwa sababu Mwalimu ana maneno. Basi akaja kwangu. Alisimama, hakutaka kukaa.

"Kule Nakivale hakuna dirisha ya chuma hata moja," akasema. "Nikirudi kule, mimi si fundi tena. Mistari mbili inatosha, Mwalimu. Andika tu: huyu namujua, anafanya kazi kwangu."

Nikamwambia aniachie mimi.

Sasa nitaeleza nilichofanya, na sitajipunguzia. Niliona aibu kuandika mistari miwili. Mtu wa elimu yangu, nilijiambia, hawezi kumwandikia mkuu wa makazi barua ya mistari miwili kama hati ya kukopa baiskeli. Rasimu ya kwanza ilianza na utu wa binadamu. Ya pili ilieleza nafasi ya ufundi katika kuujenga upya mji uliobomolewa, ikapendeza sana hata nikaitoa sehemu na kuitumia katika safu hii. Ya tatu ilikwama kwenye neno moja, kwa sababu sikuwa na hakika kama niseme "nathibitisha" au "nashuhudia". Fundi alikuja mara moja nikamwambia barua iko njiani. Wiki ya tatu ikaingia.

Akaja tena siku ya Alhamisi, kama saa sita mchana. Hakupitia mlangoni. Alikuja dirishani, hili ambalo meza yangu iko chini yake, nami nilikuwa katikati ya kuandika. Aliniamkia, akanijulia hali ya mama. Nikamwambia barua itakuwa tayari Jumatatu, imebaki kupigwa chapa. Aliitikia kwa kichwa. Upepo ulikuwa ukipeperusha karatasi zangu, nami nikanyoosha mkono nikafunga dirisha. Naapa sikuwa na nia nyingine. Ni upepo tu. Lakini nilipoinua macho nilimwona bado amesimama pale, upande wa pili wa kioo. Kwa mazoea ya miaka yote ile aliingiza kucha ukingoni, akavuta. Bawa halikutikisika. Niliona midomo yake ikilisema lile neno moja, "Imeshika," kisha akaokota kikapu chake. Jumatatu nilipokuwa nimepiga chapa ukurasa mmoja na nusu, malori ya kuwarudisha wenye kadi makazini yalikuwa yamekwisha kuondoka tangu Jumamosi.

Barua nilimpelekea baada ya miezi mitatu. Njia ya kwenda Nakivale kupitia Kaberebere ilikuwa imeharibika kwa mvua, na niliutumia ubovu wa njia kujipa muda wa kutunga maneno ya kusema. Nilimkuta mbele ya nyumba ya udongo aliyoijenga mwenyewe, akipalilia maharage kwa mikono isiyozoea jembe. Mkewe alitukaribisha ndani, akatoa kigoda. Kwa kuwa barua ilikuwa ya Kiingereza ilibidi nimtafsirie, na kadiri nilivyotafsiri ndivyo ilivyozidi kuwa ndefu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ni barua muzuri," akasema. "Uko na maneno mingi."

Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa na dirisha moja, tundu lililozibwa kwa ubao unaoning'inia kwenye bawaba za mpira wa tairi, na ubao ule uligonga kila upepo ulipovuma. Alieleza kwamba ukuta wa udongo hauna fasi, yaani mahali, ya ulimi kushika. Akaikunja barua yangu mara nne, akaipima kwa kidole gumba, akaisokomeza kati ya ubao na ukuta. Ubao ukatulia. Akatoka nje, akauvuta, akarudi ndani ameridhika kiasi. Mke wake akatuletea chai.

Nimechoka na watu wanaosema kwamba nchi hii iliharibiwa na wabaya. Wabaya walichukua vishikio, hilo kweli. Lakini waliokuwa wakivirudisha, mmoja baada ya mwingine, kwa kipande cha boksi la sabuni, tuliwapoteza sisi wema, tulio na saini zinazotambulika, tukiwa mezani tunatafuta neno linalofaa zaidi. Mimi sikumfukuza mtu. Nilichelewa tu, kwa Kiswahili sanifu na Kiingereza kisicho na kosa.

Safu hii nimeiandika kwa asubuhi moja tu, bila kufuta mstari. Inakuwa rahisi kumwandikia mtu ambaye hana tena haja ya karatasi. Nilipomaliza nilimwomba mke wangu afunge dirisha la meza yangu, nikazunguka nyumba, nikaingiza kucha pale alipokuwa akiziingiza marehemu, nikavuta. Halikutikisika. Nilisimama juani kwa muda, nikitazama meza yangu na karatasi zangu kutoka upande ule, na nikaona jinsi zinavyokuwa mbali. Ndugu wasomaji, mtu akikuombeni mistari miwili, mwandikieni miwili, akiwa bado amesimama dirishani.