Siku Saba za Kulalia Mayai

Enzi zetu pale Miteja, mtoto wa miaka tisa alijua kumwekea kuku mayai kabla hajajua vizuri jedwali la kuzidisha. Unachukua chungu kilichopasuka, mchanga chini, jivu juu yake ili utitiri usipande, halafu mayai, kila moja limechorwa alama ya mkaa ili kuku akitaga jingine lijulikane kuwa ni mgeni. Kwa siku ishirini na moja hakuna kelele karibu na jiko alikolalia. Ukimsumbua kuku, Mama alikusumbua wewe. Leo nikiwaambia wajukuu zangu, wanasema, "Bibi, hizo fiksi," kisha wanachungulia simu kuhakikisha.

Mwaka mmoja Mama aliweka mayai kumi na mawili, akaniahidi: "Wakitoka wote, mmoja wako." Nilikuwa sijawahi kumiliki kitu chochote chenye uhai, ukiacha chawa. Niliwaza jina la kuku wangu mpaka usingizi ukapaa.

Tatizo lilikuwa njaa ya kaka yangu Hamisi na, nakiri, yangu pia. Mayai kwetu yalikuwa ya wageni na wagonjwa. Sisi tuliyaona tu yakipita. Siku ya pili tukaiba matatu, tukayachemshia kwenye kopo kule shambani, tukayala bila hata chumvi. Nilipokuwa nalamba vidole ndipo nikakumbuka ahadi, nikaangua kilio. Hamisi akaninyamazisha: porini alikuwa ameona kiota cha kanga, wale ndege wenye madoa. Tukachukua mayai matatu, na kwa kuwa ni madogo na yana rangi ya udongo, tukayapaka unga wa muhogo, tukachora mkaa, tukayasukuma chini ya kuku. Tulijiona mabingwa.

Hatukujua kwamba mayai ya kanga huchukua wiki nzima zaidi. Siku ya ishirini na moja vifaranga tisa walitoka, na kesho yake kuku akaondoka nao. Yakabaki yale matatu.

"Haya ni viza," Mama akasema. "Katupe."

Sikuyatupa. Niliyafunga kwenye kitambaa, nikapanda nayo kitandani, nikatangaza homa.

Nililala siku saba, kwa ubavu, kwa adabu zote, mayai yakiwa tumboni, nikiyageuza kama nilivyomwona kuku akigeuza. Nikienda msalani, Hamisi alinishikia zamu chini ya shuka. Majirani walikuja kunipa pole. Na Mama, asubuhi, mchana na jioni, aliniletea kikombe cha mwarobaini. "Kunywa, mwanangu, homa hii kali." Nilikunywa mpaka nikahisi hata jasho langu limekuwa chungu.

Siku ya saba Baba akaja kunisomea dua. Alikuwa ameinua mikono, macho ameyafumba, mara kitu kikalia chini ya shuka: pii! Baba akakatiza dua. Akafumbua jicho moja. Kikalia tena. Akalitazama tumbo langu, akamtazama Mama aliyekuwa akichambua mchele mlangoni. Mama hakuinua hata kichwa.

"Malizia dua, Baba Hamisi," akasema. "Homa imeshatotoa."

Walitoka wawili, la tatu lilikuwa viza kweli. Mama akasema wote ni wangu, na hakunichapa. Walipokua, siku moja waliruka juu ya migomba wakarudi porini kwao, nami nikawalilia kama ndugu zangu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Mama alijua lini.

"Siku ileile. Kuku alikuwa na unga wa muhogo kifua kizima."

Sasa kwa nini alininyamazia?

"Nilitaka kuona utaamka lini. Mwongo mtupu angeamka kwenye kikombe cha pili. Weye ulivinywa vyote."

Mama hayupo tena, na namkumbuka sana. Mimi nimelea watoto, sasa nalea wajukuu. Mtoto akinidanganya nagundua siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo nimeshapiga kelele, nimeshampigia baba yake simu, yamekwisha. Sisi wa siku hizi tuna haraka, wala si vijana peke yao. Zile siku saba za Mama, za kunyamaza na kuchuma majani kila alfajiri kwa ajili ya homa asiyoiamini, mimi sijawahi kumpa mtoto yeyote.