Injini Iliyonyweshwa Rubisi

Mwaka wa hamsini na mbili, kila mwenye gari mjini Bukoba alimjua fundi Burhani. Kazi alijifunza katika karakana ya jeshi wakati wa vita, na watu walisema hakuna injini iliyowahi kumshinda. Yeye mwenyewe hakuwahi kulikanusha hilo.

Ndiyo maana Rugaibula wa Buganguzi alikuja kwake. Alikuwa ameuza kibanja cha baba yake, migomba, mibuni na makaburi humo humo, akanunua lori kuukuu. Sasa lori lilifika likivutwa kwa kamba, naye amekaa nyuma ya usukani kama dereva wa kweli.

Burhani alifungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akachomoa pistoni na kuzipanga juu ya jani la mgomba, moja baada ya nyingine. Likabaki bloki tupu, lile pande la chuma lenye silinda zote. Akaingiza kidole katika njia za maji, kikatoka na utando mweusi unaonata. Akakinusa.

"Waitu, bwana wangu, umeinywesha nini hii?"

Rugaibula alikohoa. "Tulikuwa tunapeleka rubisi harusini. Mlimani rejeta ikachemka, maji hakuna. Nikaona rubisi nayo ni maji."

"Pombe ya ndizi."

"Ilikuwa tamu bado, haijakolea."

"Umeilewesha injini, halafu unaileta kwa Mwislamu."

Wakacheka wote wawili. Rugaibula ndiye aliyetangulia kunyamaza.

"Sukari iliyoungua nitaikwangua," Burhani alisema. "Hiyo rubisi ilikuwa ya baridi?"

"Baridi kabisa. Vibuyu tulivifunika majani."

Burhani akaligeukia tena bloki. Chuma kilichowaka vile, kumwagiwa baridi vile! Alilipaka bloki mafuta ya taa, akangoja, akalifuta mpaka likakauka, kisha akanyunyiza unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yangetoka na kuulowesha unga.

Rugaibula alifungua kifurushi chake cha buni za kutafuna, akampa fundi chache, kama mtu anavyompa mgeni nyumbani kwake. Wakatafuna wakitazama ule weupe.

Mstari ukatokea. Mwembamba kama unywele, ukashuka kati ya silinda ya pili na ya tatu.

"Labda ni jasho lako," Rugaibula alisema.

Burhani akafuta, akapaka, akanyunyiza upya. Mstari ukarudi palepale.

"Ziba basi, fundi. Si una dawa za jeshini?"

Burhani alijua kwamba hapo hapazibiki. Bloki jingine la lori kama lile alishamtafutia mtu mwaka uliopita, mpaka Mwanza, akakosa. Alitafuta namna ya kulisema jambo hilo. Ulimi ulikuwa mchungu kwa buni.

"Jaribu tena," Rugaibula alisema kwa sauti ndogo. "Mara moja tu."

Burhani akachukua kitambaa, akafuta.